UZI: Moshi ni ule ule, kwa nini ushuru usiwe ule ule? Namna dola inavyotoza na kudhibiti tumbaku

#1 KalamuYaUshuru

Wakuu, heshima zenu.

Kila bajeti ikisomwa, habari ya sigara huwa sentensi moja: ushuru umepanda kwa asilimia kadhaa. Mvutaji ananung'unika, asiyevuta anashangilia, kesho yake mjadala umekwisha. Mimi nimekula miaka yangu kwenye hesabu za ushuru wa bidhaa, na sentensi hiyo imekuwa ikinikera muda wote kwa sababu haisemi lolote. Asilimia ya nini? Ya bei ya kiwandani au ya dukani? Ni sigara zote au zenye kichungi tu? Na tumbaku ya kusokota nayo imeguswa?

Hoja yangu ni moja. Kinachopunguza uvutaji na kujaza hazina si ukubwa wa kiwango peke yake, ni jinsi ushuru wenyewe ulivyoundwa. Maji hufuata mkondo, na tumbaku hufuata daraja linalotozwa kidogo. Ukiacha mlango mmoja wazi, muda si mrefu utakuta shehena nzima inapitia hapo.

Tuanze na kitu kinachoonekana. Shika pakiti ya sigara, hata kama huvuti, uigeuze taratibu. Mbele kuna picha ya pafu lililooza au mdomo wenye saratani. Hiyo imetokana na kifungu cha 11 cha Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, uliopitishwa Mei 2003 na kuanza kutumika Februari 2005. Mkataba unataka onyo lichukue angalau asilimia 30 ya nyuso kuu za pakiti, na ikiwezekana asilimia 50 au zaidi. Idadi ya sigara iliyoandikwa, aghalabu 20, nayo ina sheria nyuma yake, maana sigara moja moja au pakiti ndogo ndiyo inayofikiwa na mtoto mwenye sarafu mbili mfukoni. Halafu tafuta neno "laini" au "nyepesi". Katika nchi nyingi hulioni tena. Limepigwa marufuku, kwa sababu liliwadanganya watu kwamba kuna sigara yenye afya.

Sasa tafuta stempu. Ni kile kikaratasi chembamba kilichobandikwa penye mfuniko au chini ya pakiti. Jaribu kukibandua kwa ukucha: kinachanika vipande vipande, na kimetengenezwa kichanike, ili kisihamishiwe pakiti nyingine. Zile za kisasa zina namba ya pekee ambayo mkaguzi, na pengine hata mnunuzi, anaisoma kwa simu. Kenya ilianza mfumo wa namna hiyo 2013, Tanzania 2019. Kikaratasi hicho ndicho risiti ya dola. Kinasema: ushuru wa pakiti hii ulishalipwa kabla haijafika dukani. Ndiyo maana tumbaku ni rahisi kutozwa kuliko bidhaa nyingi. Huhangaiki na maelfu ya maduka, unasimama penye lango la kiwanda, bandarini au kwa wauzaji wachache wa jumla.

Baada ya hapo ndipo panapokuja kazi.

Kuna njia kuu mbili za kutoza. Ya kwanza ni ushuru wa thamani, yaani asilimia ya bei. Ya pili ni ushuru maalumu, kiasi kilekile kwa kila sigara 1,000 au kwa kila pakiti, iwe ya bei ghali au ya bei rahisi.

Tuseme kuna pakiti mbili, ya 100 na ya 200, kwa fedha yoyote mnayotaka. Ukitoza asilimia 40 ya bei, ya kwanza inalipa 40 na ya pili 80. Inaonekana ni haki, sivyo? Lakini angalia anachofanya mwenye kiwanda. Anatoa sigara ya bei ya chini zaidi, ushuru wake unakuwa mdogo zaidi, na mvutaji aliyetaka kuacha anahamia huko badala ya kuacha. Kama asilimia inahesabiwa kwenye bei ya kiwandani, kuna ujanja mwingine: kiwanda kinaiuzia kampuni dada ya usambazaji kwa bei ya kutupa, ushuru unalipwa kwenye bei hiyo, na faida yote inaonekana baada ya lango, ambako mtoza ushuru haangalii tena.

Ukitoza 60 kwa kila pakiti, ujanja wote huo unakufa. Hakuna cha kubishania bei, unahesabu vichwa tu. Na ile ya bei rahisi ndiyo inayopanda zaidi kwa uwiano wa bei yake, kitu ambacho kwa upande wa afya ndicho unachokitaka.

Ubaya wake ni mmoja, na ni mkubwa: mfumuko wa bei unaula. Kiasi kikikaa miaka mitano bila kuguswa, vitu vingine vyote vinapanda na sigara inazidi kuwa nafuu, huku kila mtu akiamini kwamba ushuru upo palepale. Dawa yake ni kuandika ndani ya sheria kwamba kiasi kitapanda kila mwaka, bila kusubiri hisani ya waziri.

Nchi nyingi huchanganya njia zote mbili. Umoja wa Ulaya unataka ushuru wa sigara usipungue asilimia 60 ya wastani wa bei ya rejareja, na wakati huohuo usiwe chini ya euro 90 kwa sigara 1,000. Hiyo sehemu ya pili ndiyo sakafu. Bila sakafu, asilimia haina mwisho wa kushuka.

Nitaendelea na mifano, ila nawaachia nafasi kwanza.

#2 Hesabu Ngumu

Mkuu, nimekuelewa vizuri hapo kwenye pakiti mbili. Hebu tupe mfano wa nchi iliyokuwa na ushuru mbovu ikaurekebisha, maana mambo ya nadharia tumeyasoma sana.

#3 KalamuYaUshuru

Ufilipino. Mfano mzuri kuliko wote ninaoujua.

Walikuwa na madaraja manne ya sigara kwa bei. La chini kabisa lilikuwa linalipa peso 2.72 kwa pakiti. Na chapa za zamani zilikuwa zinapangwa darajani kwa bei zao za miaka ya 1990. Yaani chapa ilibaki kwenye daraja la "rahisi" hata kama bei yake dukani ilishapanda mara kadhaa. Chapa mpya ikija, inapimwa kwa bei ya leo. Fikiria mashindano ya mbio ambayo mmoja amepewa kuanzia katikati ya uwanja.

Desemba 2012 Rais Benigno Aquino III akasaini sheria ya kuvunja mfumo huo. Madaraja yakawa mawili 2013, la chini likaruka hadi peso 12 na la juu peso 25. Yakakutana kwenye peso 30 kwa kila pakiti 2017, na baada ya hapo nyongeza ya asilimia 4 kila mwaka ikawa imeshaandikwa. Sehemu kubwa ya mapato ya ziada, asilimia 85 baada ya kutoa fungu la maeneo yanayolima tumbaku, ikaelekezwa kwenye afya, hasa kuwalipia bima familia maskini.

Oneni kilichofanyika pale. Kupandisha kiwango lilikuwa jambo la pili. La kwanza lilikuwa kufunga milango.

Sasa niwape mfano wa kinyume, wa watu waliopandisha sana na kuacha mlango. Tarehe 1 Aprili 2009 serikali kuu ya Marekani ilipandisha ushuru wa pakiti kutoka senti 39 hadi dola 1.01. Tumbaku ya kusokota mwenyewe ikatoka dola 1.0969 kwa ratili hadi dola 24.78. Shabaha ilikuwa sahihi kabisa, mvutaji asikimbilie kwenye kusokota. Lakini tumbaku ya kiko, ambayo zamani ilikuwa inalipa sawasawa na ya kusokota, wao wakaipeleka dola 2.8311 tu.

Tumbaku ya kiko na ya kusokota zinatofautianaje? Kisheria, kwa namna ilivyofungashwa na ilivyoandikwa. Basi. Mfuko uleule ukaandikwa "ya kiko". Wakaguzi wa Bunge la Marekani walikuja kueleza kwamba mauzo ya tumbaku ya kiko yalipanda kutoka takriban ratili 240,000 mwezi Januari 2009 hadi zaidi ya milioni 3 mwezi Septemba 2011. Hawakuzaliwa wavuta kiko milioni moja katika miaka miwili. Yakafunguliwa maduka yenye mashine kubwa za kusokota, unaingia na "tumbaku ya kiko" na karatasi, unatoka na sigara 200 baada ya dakika chache. Bunge lilikuja kuziba tundu hilo la mashine 2012 kwa kusema mwenye duka la namna hiyo ni mtengenezaji wa sigara kama kiwanda kingine chochote.

Kwenye sigara ndogo za majani, zile zinazofungwa kwa jani la tumbaku badala ya karatasi, ilitokea hivyohivyo. Mpaka wa sheria ulikuwa uzito: zikizidi ratili 3 kwa kila 1,000, zinahesabiwa kubwa, na kubwa zilikuwa zinatozwa kwa asilimia ya bei. Watengenezaji wakaziongezea uzito kidogo tu, zikavuka mstari, na kwa kuwa bei yake ilikuwa ya chini, ushuru ukaporomoka. Umbo lilelile, moshi uleule.

Ulaya nako waliona sigara ndefu kupita kawaida, za kukatwa vipande nyumbani, kwa sababu ushuru ulikuwa unahesabu sigara moja bila kujali urefu. Leo sheria yao inasema ikizidi sentimita 8 bila kichungi lakini isizidi 11, ni sigara mbili.

#4 NesiMstaafu

Kaka Kalamu, asante kwa elimu. Mimi si mtu wa hesabu, nimemaliza utumishi wangu wodini. Niruhusu niseme upande niliouona.

Mgonjwa wa mapafu yaliyochakaa kwa moshi halali. Anakaa ukingoni mwa kitanda, mikono miwili imeshika godoro, mabega yamepanda juu, na kila pumzi anaitafuta kama mtu anayepanda mlima. Midomo imegeuka rangi. Ukimuuliza jina, anakutajia herufi za mwanzo halafu anapumzika kabla ya kumalizia. Nimekesha na watu wa namna hiyo usiku mwingi. Wengi waliniambia walianza wakiwa na miaka 14 au 15, kwa sigara moja waliyopewa na rafiki.

Kwa hiyo mtu akija hapa kusema serikali inatafuta hela tu, namwambia sawa, itafute. Lakini nina swali la moyoni. Kama kitu kinaua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka duniani, kwa nini tunakitoza? Kwa nini hakipigwi marufuku kabisa?

#5 Mlango wa Nne

Naunga mkono swali la dada Nesi. Serikali inayosema "inaua" kwenye pakiti na kupokea hela ya pakiti hiyohiyo inanichanganya.

#6 KalamuYaUshuru

Dada Nesi, pole kwa kazi na shikamoo kwa miaka hiyo ya kukesha. Swali lako ni la haki, na siwezi kulijibu kwa haraka.

Marufuku imejaribiwa. Bhutan ilipiga marufuku uuzaji 2004, ikaongeza sheria kali 2010. Watu waliendelea kuingiza kutoka ng'ambo ya mpaka kimagendo, hadi 2021, wakati wa korona, serikali ikaruhusu uuzaji tena, sababu mojawapo ikiwa kwamba wavushaji magendo walikuwa wanavuka mpaka na ugonjwa. Afrika Kusini ilizuia uuzaji wa sigara kuanzia mwisho wa Machi hadi katikati ya Agosti 2020, karibu miezi mitano. Wavutaji wengi waliendelea kuzipata, kwa bei mara kadhaa ya ile ya kawaida, na hela yote ikaenda kwa wauza magendo. Hazina haikupata kitu. Na njia za magendo zilizojengwa katika miezi ile hazikubomoka siku marufuku ilipoondolewa.

Nikotini inashika. Mtu mzima aliyeshikwa tayari humtoi kwa amri ya siku moja.

Lakini kuna njia ya tatu, nayo ni kuwazuia wasioanza. New Zealand ilipitisha sheria 2022 kwamba aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 2009 asiuziwe sigara maisha yake yote. Serikali mpya ikaifuta mapema 2024 kabla haijaanza kung'ata, na moja ya sababu zilizotajwa waziwazi ni mapato ya ushuru. Hilo liliniuma sana. Maldives wamelichukua wazo hilo: tangu 1 Novemba 2025, aliyezaliwa kuanzia 1 Januari 2007 haruhusiwi. Hapo ndipo ningetaka dola isimame. Aliyeshikwa tumtoze na tumsaidie aache, asiyeshikwa asiguswe kabisa.

Na yule uliyemtaja, aliyeanza na miaka 14, ndiye bei inayomgusa kuliko wote. Mtoto hana hela.

#7 Sauti ya Mnyonge

Nimesoma kimya hadi hapa, sasa nimeshindwa. Mkuu, unazungumza kama mtu asiyejua maisha. Ushuru maalumu, kiasi kilekile kwa wote, maana yake tajiri na maskini wanalipa sawa. Tajiri haoni, maskini anakosa chakula. Mnamtoza mtu kwa ugonjwa ambao ninyi wenyewe mnasema umemshika. Na wakulima wa zao hilo nao je?

#8 Hesabu Ngumu

Hapo mnyonge ana hoja. Asijibiwe kwa takwimu tu.

#9 KalamuYaUshuru

Ana hoja, na sitaikwepa.

Makadirio ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba bei ikipanda kwa asilimia 10, matumizi hushuka kama asilimia 4 katika nchi tajiri na kama asilimia 5 katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Maana yake maskini ndiye anayeacha au kupunguza zaidi bei ikipanda. Kwa hiyo ukihesabu nani anabaki na mapafu yake na hela yake, maskini anapata zaidi.

Lakini wapo wasioacha, na hao wanaumia kweli. Mtu aliyeshikwa atapunguza mboga ya watoto kabla hajapunguza sigara. Ushuru peke yake, bila ushauri, bila dawa za kusaidia kuacha zikiwa zinapatikana bure au kwa bei ndogo, unakuwa kiboko kisicho na mkono wa kumwinua mtu. Ndiyo maana sioni aibu kusema hela hii iandikiwe kazi yake. Wapo wachumi wasiopenda mapato kufungiwa kazi maalumu, wanasema hazina inafungwa mikono. Kwenye tumbaku mimi nasimama na Ufilipino.

Wakulima, kwa kifupi: kifungu cha 17 cha Mkataba kinazitaka nchi ziwasaidie kuhamia kwenye shughuli nyingine, na ni kifungu kinachosahauliwa kuliko vyote. Huo ni uzi wake.

#10 BintiSheria

Nadhani mmezunguka jambo kubwa bila kulitaja. Magendo. Kila ushuru ukitaka kupanda, kampuni za tumbaku huja na hoja moja: mkipandisha, magendo yataongezeka. Na wakati mwingine ni kweli. Tazama Marekani yenyewe, New York jimbo linatoza dola 5.35 kwa pakiti, Missouri senti 17. Gari dogo tu linatosha kumtajirisha mtu.

#11 KalamuYaUshuru

Ni kweli, BintiSheria, na hesabu yake inatisha. Tofauti ni dola 5.18 kwa pakiti. Sigara 10,000 ni pakiti 500, buti la gari linazibeba bila shida. Hizo ni dola 2,590 kwa safari moja. Ndiyo maana sheria ya shirikisho inahesabu kuwa kosa kusafirisha sigara zaidi ya 10,000 zisizo na stempu za jimbo zilipokutwa. Majimbo jirani yenye ushuru tofauti sana ni mlango mwingine ulioachwa wazi, hoja yangu inarudi palepale.

Ila ninyi nyote mnaoogopa magendo, someni habari ya Canada, kisha tuzungumze. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ushuru ulipanda, magendo yakafurika, na Februari 1994 serikali ikanywea, ikashusha ushuru. Sigara zilizokuwa zinaingia kimagendo zilitengenezwa Canada kwenyewe. Zilikuwa zinasafirishwa kwenda Marekani bila ushuru, kisha zinarudi kwa mlango wa nyuma. Miaka ikapita, na 2008 kampuni mbili kubwa za tumbaku zikakiri kosa mahakamani na kukubali kulipa jumla ya dola za Canada bilioni 1.15 kati ya faini na fidia. Mbili nyingine zikafuata 2010 kwa milioni 550. Wanaolia kuhusu magendo na wanaoyalisha walikuwa nyumba moja.

Tangu hapo nikisikia mwakilishi wa kiwanda anaionya serikali kuhusu magendo, huwa nauliza kwanza: namba za uzalishaji wenu ziko wapi, na nani anazihesabu?

Dawa ipo, tena imeandikwa. Itifaki ya Kutokomeza Biashara Haramu ya Tumbaku ilipitishwa Seoul 2012 na kuanza kutumika Septemba 2018. Inataka leseni kwa watengenezaji na waingizaji, na alama ya pekee kwenye kila pakiti, ili ikikamatwa popote ijulikane ilitoka kiwanda gani na ilikuwa inapelekwa wapi. Na mfumo huo usiendeshwe na kampuni za tumbaku zenyewe. Fisi hakabidhiwi bucha.

#12 BintiSheria

Sawa. Lakini Australia? Wana kila kitu: pakiti zisizo na nembo tangu 1 Desemba 2012, rangi moja ya kahawia iliyofifia kwa chapa zote, ushuru wa juu kuliko karibu dunia nzima. Na leo maduka ya tumbaku Melbourne yanachomwa moto na magenge yanayogombania soko la magendo, tangu 2023. Mapato ya ushuru yameshuka sana. Hapo umbo la ushuru lilikosea wapi?

#13 KalamuYaUshuru

Hili ndilo swali gumu kuliko yote humu ndani, na nakushukuru.

Umbo la Australia ni zuri: kiasi kwa kila sigara, kinapanda kila mara kufuatana na mishahara, na tumbaku ya kusokota imesogezwa ilingane na sigara. Kilichobaki nyuma ni mkono wa usimamizi. Kwa muda mrefu baadhi ya majimbo hayakuwa hata na leseni ya rejareja ya tumbaku. Victoria, ambako Melbourne ipo, ni mojawapo. Bila leseni huna cha kumnyang'anya muuzaji aliyekutwa na magendo chini ya kaunta. Ukipandisha ukuta lazima uongeze walinzi. Sasa nakiri pia kwamba kuna urefu ambao ukuta ukifika, faida ya kuuruka inakuwa kubwa kiasi kwamba walinzi hawatoshi. Australia huenda wamefika hapo, na kuendelea kupandisha bila kwanza kukamata soko la chini ni kuwapa magenge mshahara. Hapo nakubaliana nawe.

Kuhusu zile pakiti zisizo na nembo, hilo walishinda kihalali hadi Shirika la Biashara Duniani, rufaa ikaamuliwa Juni 2020. Uruguay nayo, nchi ndogo, ilishtakiwa kwa maonyo ya asilimia 80 ya pakiti na ikashinda Julai 2016. Kesi hizo zilikuwa zinatumika kuzitisha nchi nyingine zisithubutu.

#14 Mlango wa Nne

Na hizi mpya? Sigara za kielektroniki, vifuko vya nikotini vya kuweka mdomoni. Hazina moshi. Kwa kanuni yako ya "moshi ule ule" zitozwe nini?

#15 KalamuYaUshuru

Mkuu, umenibana vizuri.

Kanuni yangu ni ya vitu vinavyochomwa. Sigara, ya kusokota, ya kiko, sigara za majani: vyote vinachoma tumbaku, vitozwe sawa kwa gramu au kwa kipande, bila kujali jina kwenye karatasi. Kisichochomwa hakina madhara sawa na kinachochomwa, na kukitoza sawa ni kumwambia mvutaji abaki na sigara. Kwa hiyo kitozwe chini. Lakini kitozwe, tena kwa kiasi, kwa mililita au kwa uzito, si kwa asilimia ya bei. Maana mtoto ananunua rahisi, na ladha za matunda zinamwita yeye.

Na hapa nako tumbaku inatafuta mlango. Ulaya ilipiga marufuku sigara zenye ladha ya mentoli Mei 2020. Hazikupita siku nyingi, vikatokea vikadi vya mentoli vinavyouzwa peke yake: unakitumbukiza ndani ya pakiti ya kawaida, unasubiri, sigara zote zimepata ladha. Kadi si sigara, kwa hiyo sheria haikuigusa. Mwandishi wa sheria hana budi kufikiri kama mtu anayetaka kuivunja.

#16 NesiMstaafu

Kaka, swali la mwisho kutoka kwangu, halafu nikalale. Wewe mwenyewe uliingiaje kwenye haya mambo?

#17 KalamuYaUshuru

Dada, kwa usiku mmoja tu.

Nilikuwa kijana, nimeajiriwa karibuni, tukapelekwa kwenye ghala kuhesabu sigara usiku wa kuamkia ushuru mpya. Kazi hiyo ina maana yake: viwanda vikijua ushuru unapanda kesho, vinatoa mzigo mwingi leo kwa kiwango cha zamani na kuufungia maghalani, kisha vinauuza kwa bei mpya. Hela inayopotea hapo ni ya miezi kadhaa. Nchi zinazojua kazi yake hutoza tofauti kwenye akiba iliyokutwa saa sita usiku. Marekani walifanya hivyo ile Aprili 2009.

Sisi hatukuwa na kifungu hicho. Tulikuwa tunahesabu ili kuwa na kumbukumbu tu. Ghala lilikuwa limejaa hadi kwenye paa, maboksi yamepangwa hadi mlango wa dharura haufunguki, na harufu ya tumbaku kavu, tamu kidogo, ilinikaa nguoni siku mbili. Nikamwuliza mkubwa wangu: huu wote utalipa kiwango cha kesho? Akasema hapana, umeshalipa cha jana. Nikapiga hesabu kwenye ukingo wa fomu, tofauti ya kiwango mara idadi ya pakiti. Nikairudia, nikidhani nimekosea nukta. Sikuwa nimekosea.

Bajeti ilisomwa, magazeti yakaandika ushuru umepanda. Mle ghalani haukupanda.

#18 NesiMstaafu

Nimekuelewa. Kesho namtumia mwanangu uzi huu, anafanya kazi na kamati ya bunge ya fedha. Kifungu hicho cha saa sita usiku kiandike vizuri, niambatanishe.

#19 KalamuYaUshuru

Naandika sasa hivi, dada. Usilale kwanza.